Pini ya Saba ya Kibanda cha Maji

Mpendwa shemeji,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Tangu ulipoondoka Kianyaga kwenda kukaa kwa binti yako huko Doldol sijakutumia hata salamu, na kwa jinsi unavyonifahamu, umekwisha kujua kwamba sikuwa nimesahau. Nilikuwa nasubiri uandike wewe kwanza. Niliamini kwamba mwenye hatia ndiye hutafuta maneno, na kila juma lililopita bila barua yako nililiongeza kwenye ushahidi niliokuwa nao juu yako. Sikujiuliza hata mara moja kama na wewe ulikuwa unasubiri.

Barua hii nimeiandika nakala mbili. Moja ni hii, ambayo binti yako atakusomea ikiwa miwani yako bado ni ile yenye kioo kimoja. Ya pili nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kituo cha majani chai bila kupunguza neno, kwa kuwa jina lako lilibandikwa pale pale, na tangazo lile la kukutuhumu niliandika mimi.

Ulikuwa mwanafunzi wangu kabla sijawa mke wa kaka yako. Unakumbuka dawati lako la nyuma, kando ya dirisha lisilo na kioo? Nilikuhamishia mbele muhula wa kwanza kwa sababu nilidhani unachungulia daftari la jirani yako. Kumbe ulikuwa huoni ubao vizuri. Mama yako ndiye aliyenieleza, nami sikukuomba radhi, kwa maana siku zile mwalimu hakuwa akimwomba mtoto radhi. Baadaye nilipoolewa kwenu uliendelea kuniita Mwalimu, hata jikoni kwangu, hata siku ya mazishi ya kaka yako.

Baada ya mazishi hayo ulikuja kila asubuhi kumkamua ng'ombe wangu. Hakuna aliyekutuma. Mimi nilikuwa nimelala nikiutazama ukuta, nawe ulikuwa unaliacha jagi la maziwa mlangoni na kwenda zako. Siku ya tisa niliamka mapema, nikachukua kalamu nyekundu, nikatia alama ndogo kwenye jagi ili nijue kama maziwa yanapungua njiani kati ya zizi na mlango. Uliiona alama ile. Najua uliiona, kwa sababu tangu asubuhi iliyofuata hukuliacha tena jagi mlangoni. Ulibisha hodi, ukasubiri nitoke, ukamimina maziwa mbele ya macho yangu kutoka kwenye ndoo, taratibu, hadi yakafika juu ya alama. Nami nilijiambia: mbona sasa anamimina mbele yangu, kama hakuwa na la kuficha?

Nakukumbusha hayo kwa sababu yanafanana na yaliyotokea kibandani.

Mfereji wa maji mliuchimba wewe na kaka yako pamoja na wenzenu wa kikundi, na tangi lilipokamilika wanachama walikupa wewe ufunguo wa kibanda cha valvu. Uliufunga kwenye kipande cha mshipi wa marehemu, ukauvaa shingoni. Kwa miaka yote ile ulikuwa ukifungua maji ya upande wa juu asubuhi na ya upande wa chini alasiri, na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mimi mara mbili, na mara zote mbili saa yangu ndiyo iliyokuwa mbele.

Kisha maji ya upande wa chini yakaanza kukatika kabla ya zamu kwisha. Ulituambia, tena katika kikao, "Kuna maji inapotea hapo kwa tangi. Iko shida chini ya mchanga." Sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba shida ipo juu ya mchanga, na ina miguu. Wakulima wa mishiri, maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo, walikuwa wanamwagilia hata siku ambazo si zamu yao, ama hivyo ndivyo tulivyodhani, na nani angewafungulia kama si mwenye ufunguo? Kwa hiyo mimi, katibu wa kikundi, nilipendekeza tuweke chombo cha kutuambia kila mlango wa kibanda unapofunguliwa. Wewe mwenyewe uliunga mkono. Ulinyanyua mkono kabla ya wengine, na hilo pia nililiandika moyoni.

Fundi nilimpata Majengo, Nyeri. Anaitwa Halima, na ana kibanda cha kutengeneza redio na simu si mbali na msikiti. Nilimpenda kwa Kiswahili chake, ambacho ni nadra kukisikia huku kwetu, na nikamshuku kwa sababu hiyo hiyo, maana mtu anayesema vizuri huweza kukupitishia lolote. Alikuja na kibao cha kijani kidogo kuliko kiganja, ndani yake mna kompyuta ndogo ambayo mafundi huiita maikrokontrola. Ubavuni mwake kina pini za chuma zilizopangwa kama meno ya kitana. Wewe ulimshikia ngazi. Unakumbuka alivyotueleza?

"Pini hizi hazijui kazi yake mpaka uziambie," alisema. "Programu ikianza, kitu cha kwanza ni kuiambia kila pini: wewe utasikiliza, au wewe utatoa umeme. Hii ya saba inasikiliza mlango. Hii ya nane inatoa umeme kuwasha taa nyekundu. Ukichanganya, unaweza hata kuiunguza."

Wewe ukauliza, "Na hiyo ya kusikiza, ikikosa kitu ya kusikiza?"

Halima akacheka, akasema hilo ndilo swali la fundi, na kwamba ameshalishughulikia. Mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu, na swali lako sikuliandika, kwa kuwa halikuulizwa na mjumbe wa kamati.

Swichi yenyewe aliitoa kwenye gari bovu. Ni ile iliyo kwenye fremu ya mlango wa gari, ambayo mlango ukifunguliwa inaunganisha umeme na taa ya ndani inawaka, na mlango ukifungwa inakata. Aliiweka kwenye fremu ya kibanda, akavuta waya hadi kwenye sanduku la betri na paneli ndogo ya sola lililo kando ya tangi, karibu na nguzo zinazopeleka umeme kwenye kinu cha kusaga cha Mama Wawira. Mlango ukifunguliwa, ujumbe unakuja kwenye simu yangu. Maneno ya ujumbe niliyachagua mwenyewe: MLANGO UMEFUNGULIWA.

Kwa miezi mitatu chombo kile kilifanya kazi bila kasoro. Ujumbe ulikuja asubuhi na alasiri, saa zile zile ulizofungua. Kisha yakaja majira ya baridi, ukungu haukuondoka mlimani, na betri ikaanza kuisha nguvu. Halima alikuwa ameniachia kipakatalishi cha kikundi na waya wa kuunganishia, akanifundisha kubadilisha namba ya simu tu, ikiwa siku moja kikundi kitapata katibu mwingine. "Hapa tu, Mwalimu," alisema. "Pengine usiguse." Mtu akiniambia nisiguse mahali, huwa nataka kujua kuna nini. Niliisoma programu yote, mstari kwa mstari, miwani puani.

Niliifikia pini ya saba. Mstari wake ulikuwa na maagizo mawili: la kwanza, pini isikilize; la pili, ivutwe juu, yaani ishikiliwe na umeme kidogo kutoka ndani ya kibao. Nilisimama hapo. Pini ya kutoa umeme naelewa kwamba inahitaji umeme. Lakini ya kusikiliza? Msikilizaji analishwa kwa ajili ya nini? Nikaona nimempata anayemaliza betri yetu. Nikadhani Halima ameiweka makusudi, ili betri ife na sisi tumrudie kila baada ya miezi michache. Nikalifuta agizo la pili, nikalibakiza la kwanza, nikairudisha programu kwenye kibao. Taa ya majaribio iliwaka, ujumbe ukaja ulipofungua mlango kwa zamu ya alasiri, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Sikumwambia mtu. Nilitaka kuona kama Halima atakuja kuuliza, ili kwa kuuliza kwake nijue kwamba alikuwa anajua.

Siku chache baadaye ujumbe ulianza kuja saa zisizo za zamu. Jumanne saa nne asubuhi. Ijumaa saa nne na dakika kadhaa. Jumanne nyingine. Siku nyingine ulikuja mara tano mfululizo, kisha kimya. Niliziandika zote katika daftari, na nilipozitazama zilikuwa na mpangilio, nami mpangilio hunishawishi haraka. Nikasema huyu mwizi ana ratiba. Mlango ni mmoja, ufunguo ni mmoja, na ufunguo uko shingoni mwa mtu mmoja. Nilikwenda kibandani ukiwa hupo, nikachungulia kwa dirisha lenye nondo, nikaona kwenye kona kijiti kinene cha urefu wa mkono, ncha moja iling'aa kwa kushikwashikwa. Nikaandika: "Kipande cha mti, matumizi hayajulikani." Nilidhani ni cha kubandulia kitu.

Kikao unakikumbuka kuliko mimi. Nilisoma tarehe na saa moja baada ya nyingine kwa sauti ileile ya kuita majina darasani. Mwenyekiti alisema, "Sisi hatusemi ni wewe, Gachoki. Tunasema mlango." Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mlango haina miguu!" na watu wakacheka. Wewe ulisimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi sijafungua hiyo mlango," ulisema. "Hiyo kitu yenu inasema uongo."

Nami nikakujibu, "Kitu hicho. Na hakisemi uongo. Hakina sababu ya kusema uongo."

Walicheka tena. Uliniangalia, ukaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko wawili tu jikoni kwangu: "Na mimi niko na sababu gani?"

Niligeuza ukurasa wa daftari. Hata katika kumbukumbu za kikao swali hilo halimo. Ulitoa ufunguo shingoni, ukauweka mezani kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa kitu, ukasema, "Shika, Mwalimu. Ukifungua, usizungushe yote mara moja. Hiyo bomba ni mzee." Ukatoka. Nilidhani maneno yale ya bomba ni maigizo ya mtu anayetaka kuonekana mwema hadi mwisho.

Ulipokwenda Doldol, kamati ilikubaliana kwamba ufunguo ukae kwangu hadi mlinzi mwingine athibitishwe. Mwenyekiti alimtaja mpwa wake papo hapo. Nikasema tusubiri mkutano wa wanachama wote. Kwa hiyo ni mimi niliyeanza kupanda kilima kila asubuhi, na goti hili, kuzungusha gurudumu la valvu. Siku ya kwanza nilizungusha lote mara moja. Bomba lilipiga kelele na kutetemeka hadi nikaruka nyuma nikajigonga ukutani. Tangu hapo nilifungua robo, nikangoja, nikafungua robo nyingine, kama ulivyosema.

Jumanne ya kwanza, saa nne, nikiwa nyumbani nachambua maharagwe, simu ikalia. MLANGO UMEFUNGULIWA. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Utafikiri nilielewa. La. Nilifurahi, shemeji, na ninaandika neno hilo kwa aibu: nilifurahi kwa sababu niliona una nakala ya ufunguo na umempa mtu. Nilinunua kufuli jipya mjini. Ijumaa nikalifunga mwenyewe, ufunguo wake nikautia kwenye mshipi ule ule, nikachukua kigoda, sweta na chupa ya chai, nikaketi mbele ya mlango wa kibanda tangu saa mbili. Mama Wawira alipita akienda kuwasha kinu chake, maana husaga Jumanne na Ijumaa tu, siku ambazo watu wamemletea mahindi ya kutosha.

"Mwalimu, unachunga nini hapo?" aliuliza. "Ama mlango iko na mpango ya kutoroka?"

"Mlango una mpango," nilimwambia, "na wewe endelea na safari yako." Nilimtazama hadi alipopotea kwenye kona, kwa kuwa hata yeye sikumwamini.

Saa nne kasoro kidogo kinu kiliwaka. Mota ilinguruma, na simu ikalia mfukoni. MLANGO UMEFUNGULIWA. Mlango ulikuwa mbele yangu, umefungwa, kufuli limetulia. Niliusukuma kwa bega. Nikazunguka kibanda nyuma nikitafuta tundu. Sikuona tundu. Niliporudi nikaweka kiganja changu juu ya kufuli, na hapo, kiganja kikiwa juu ya kufuli, simu ikalia mara ya pili, na ya tatu.

Niliketi. Chai ilipoa. Nilifungua daftari langu na kwa mara ya kwanza nikalisoma bila wewe ndani yake. Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Zilikuwa siku za kusaga.

Nilipoingia ndani kufunga maji, nilikiona tena kile kijiti. Sijui kwa nini nilikishika. Ile ncha inayong'aa ilikuwa na mviringo wa kama kisosi kidogo, na ilipofika karibu na uso wangu ikaja yenyewe kwenye sikio. Nikaweka ncha nyingine juu ya bomba. Valvu ilikuwa imefungwa; bomba lilipaswa kunyamaza. Nilisikia maji yakipita, sauti nyembamba kama ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea tangi, nikigusa bomba palipo wazi na ardhi palipofukiwa, na sauti ikakua hadi nikafika kwenye shamba dogo la nduma la jirani. Kiangazi kile kila kitu kilikuwa kimekauka, ila nduma zile zilikuwa na majani makubwa kama masikio ya tembo. Tulichimba siku ya pili. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya mchanga, pale pale uliposema.

Ndipo nikaenda Nyeri. Nilikwenda kumshtaki Halima, usidhani kwamba nilikwenda kujishtaki. Alinikaribisha kwa shikamoo, akanipa kiti, akanitazama na kuniuliza, "Umekuja kunipongeza au kunishtaki?"

"Chombo chako kimemsingizia mtu," nilimwambia.

Alifungua kipakatalishi nilichokuja nacho, akasoma programu. Hakusoma kwa muda mrefu. "Nani ameigusa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu pini ya saba inaning'inia hewani."

Alichukua kibao kingine mezani, akakiwekea taa ndogo, akaunganisha waya mmoja kwenye pini ya kusikiliza na kuuacha mwisho wake wazi, haujagusa kitu. Taa ilizima, ikawaka, ikazima bila mpango. "Sogeza mkono wako, Mwalimu. Usiguse." Nilisogeza kiganja karibu na waya, na taa ikachezacheza kama inayonijibu. Nikaurudisha mkono haraka.

"Mlango ukifungwa, swichi imekata," alisema. "Waya haujashika popote. Pini imeambiwa isikilize, na hakuna anayesema nayo, basi inaokota chochote kinachopita: mota, redio, mkono wako. Ndiyo maana niliivuta juu. Umeme ule mdogo unaishikilia mahali pamoja na kuiambia, hapa pamefungwa, mpaka mlango wenyewe uishushe. Aliyelifuta agizo hilo alitaka nini?"

Nilikuwa na majibu kadhaa. Ningeweza kusema ni umeme wa radi, au ni panya. Nimewasikia watoto wengi wakisema kazi yao imeliwa na ng'ombe, na siku zote niliwasimamisha. Nikasimama.

"Ni mimi," nilisema. "Nilidhani ulikuwa unamaliza betri yetu ili tukurudie."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Mlango ukiwa umefungwa, umeme ule hautumiki kabisa. Ukifunguliwa ndio unapita, na hata hapo ni kidogo mno, betri haitaujua. Paneli ya sola mliipangusa lini?"

Hakuna aliyewahi kuipangusa. Ilikuwa imefunikwa na vumbi na uchafu wa ndege.

"Na mimi nina kosa," Halima aliendelea. "Ningeweka rezista ya nje ya kuivuta pini juu, usingeweza kuifuta kwa kidole." Kisha akauliza, "Huyo mtu mmemfanya nini?" Nikamweleza. Akatazama waya uliokuwa bado unaning'inia. "Mimi nilikuwekea kengele ya mlango, Mwalimu. Sikukuwekea hakimu." Kisha akaongeza, "Ni yule aliyenishikia ngazi? Aliyeuliza?"

Ni yeye, nilimwambia.

Juma lile lile alikuja, akarudisha agizo nililolifuta, na juu yake akaunganisha rezista, kijidude kama punje ya mchele chenye mistari ya rangi. Nimekaa siku nne za kusaga mbele ya mlango ule. Kinu kinanguruma, simu imenyamaza. Nikifungua mlango, ujumbe unakuja mara moja. Nikifunga, kimya.

Nilimweleza mwenyekiti yote. Akasema, "Mwalimu, kwani ni lazima? Sema tu mashine iliharibika. Mashine huharibika."

"Haikuharibika. Ilifanya nilichoiambia."

"Ati sasa utasimama mbele ya watu useme ni wewe? Watakucheka. Na Gachoki mwenyewe ametulia huko Doldol, ako na mbuzi zake. Wacha tuthibitishe huyu kijana, hii maneno iishe."

Namshuku mwenyekiti, kwa sababu ya mpwa wake. Kisha najikumbuka, nakumbuka jagi na daftari, najizuia. Pengine anataka kunihifadhi uso tu. Sina ushahidi, na siku hizi naona haya kuutafuta. Lakini "mashine iliharibika" sitaandika. Maneno hayo yangenitoa mimi lawamani, na wewe yangekuacha pale pale, mtu ambaye labda alifungua na labda hakufungua. Mlango haukufunguliwa. Hukuufungua wewe, hakuufungua mtu mwingine, na maji hayakuibwa.

Hata ungamo langu hili nalishuku. Najiuliza kama ninaandika kwa sababu ulionewa, au kwa sababu nimeshindwa na ushahidi na sivumilii hesabu iliyokosewa ibaki ubaoni. Sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba ufunguo nimeuvaa miezi hii kwenye mshipi ule wa kaka yako, na kila nilipoinama kuzungusha gurudumu ulinigonga kifuani, na kwa muda mrefu nilidhani ni uzito wa chuma. Sasa nimeutundika msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni. Asubuhi nauchukua kwa mkono na kuurudisha.

Najua desturi. Mwenye kumkosea mtu wa nyumba yake humwendea kwa miguu yake, akiwa na mzee wa kumsemea na kondoo mbele yake, hatumi karatasi. Nitakuja, ukinikubalia. Natanguliza karatasi kwa sababu mkutano wa wanachama wote ni Jumamosi ijayo, na sikutaka jambo lako lijadiliwe tena mbele ya watu kabla wewe hujalijua. Mara ile ulilisikia pamoja nao.

Ajenda nimeiandika mwenyewe. La kwanza ni jina lako, kwamba lisafishwe na urudishiwe kazi yako ukipenda. La pili ni mimi, kama ninafaa kuendelea kuwa katibu. Mpwa wa mwenyekiti ni wa tatu, ikiwa muda utabaki. Swali uliloniuliza kikaoni, la sababu gani, nitalisoma kwa sauti kama ulivyolisema, nami nitaliandika katika kumbukumbu mahali pake. Halima amesema atakuja na kibao chake na ile taa ndogo, ili kila anayetaka asogeze mkono aone.

Kijiti chako kipo kwenye kona yake. Sijakiondoa, na nimelikata kwenye daftari lile neno "hayajulikani".

Sijui watakavyoamua. Wapo wanaoniogopa, na wapo waliocheka siku ile ambao hawatapenda kukumbushwa kicheko chao. Lakini wakikurudishia heshima yako au wakikunyima, wakiniacha kwenye kiti au wakiniondoa, nitakuandikia Jumapili inayofuata, baada ya ibada, uamuzi wote kama ulivyo. Safari hii sitasubiri uanze wewe.

Mimi, mke wa kaka yako,

Mwalimu